Bendera Yenye Bitana

Asubuhi ya mwisho ambayo mambo yote yalikuwa bado mahali pake, mume wangu Mugisho alikuwa akigombana na mbuzi wa jirani. Mbuzi alikuwa ametafuna ukosi wa shati la katekista, lililokuwa limeanikwa uani likisubiri pasi, na sasa alikuwa anamkodolea Mugisho macho huku akiendelea kutafuna, hana hata chembe ya aibu. Mugisho alimsomea mashtaka yake yote kwa sauti. Mimi nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba, nikacheka hadi nikaweka mchi chini. Tulikuwa hatujamaliza mwaka tangu tuoane.

Basi Mugisho alikata kipande kwenye pindo la chini la shati lile lile, pale ambapo shati huingia ndani ya suruali na hakuna anayeona, akashona ukosi mpya. Jioni katekista alilivaa akaenda kanisani, akashukuru, asijue lolote. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mume wangu. Kwake hakuna kitambaa kilichokufa. Alikuwa na msemo wake: fundi hatupi kitambaa, anakihamisha tu.

Kisiwa chetu kimo katika Ziwa Kivu. Jina lake silitaji, kwa sababu wapo waliobaki huko na bado wanalala huko. Ni kidogo. Katika ramani ya padre kilikuwa kimefunikwa na herufi moja ya jina la ziwa. Lakini ukiwa juu yake ulikiona kikubwa cha kutosha: mananasi kwenye miteremko, kahawa nyuma ya kila nyumba, samaki wadogo wa sambaza waliokaangwa na pilipili wakikusubiri mezani. Kahawa ikichanua, harufu yake iliingia hadi kwenye shuka. Nimeishi Johannesburg miaka mingi, nimekunywa kahawa ya kila namna, na bado sijanusa tena ile harufu. Naikosa kama mtu anavyomkosa mtu.

Mugisho alijifunzia ushonaji Kigoma, kwa Waswahili wenyewe, akarudi na maneno yao. Kile kitambaa kinachoshonwa ndani ya nguo, mafundi wengine wa kwetu walikiita dubliri, neno la Kifaransa lililopinda njiani. Yeye alisema bitana. Koti bila bitana, alikuwa akisema, ni koti la kupigia picha. Aliisema bitana kila siku, kwa kila mteja, hata kwa wale walioleta suruali fupi ya mtoto. Watu wakachoka, wakampa jina. Wakamwita Fundi Bitana, kisha wakafupisha: Bitana. Wanawake sokoni waliniita Muke ya Bitana. Mwanzoni nilinuna, baadaye nikazoea, na mwishowe nikawa nageuka haraka zaidi nikiitwa hivyo kuliko nikiitwa Nabintu, jina nililopewa na baba yangu.

Bibi yangu, mama wa mama, alikuwa na desturi ya kuwataja watawala wa kisiwa kama wengine wanavyotaja wajomba. Alikuja mfalme wa ng'ambo na mishale. Wakaja Wajerumani na bunduki, wakakaa kidogo. Wakaja Wabelgiji na miche ya kahawa na kiboko. Kisha wakaja wenzetu wenyewe, na nyimbo za kucheza kila Jumamosi tupende tusipende. Wote walishukia gati lile lile, na wote walisema wamekuja kutulinda.

"Batulinde na nani?" bibi alikuwa akiuliza, halafu anajijibu mwenyewe. "Na ule alikuya mbele yao."

Watu walicheka kila mara, ingawa walikuwa wameshausikia mzaha huo mara nyingi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo Waswahili. Wageni wetu sisi walikuja, na mwenyeji ndiye aliyetafutiwa dawa.

Juu ya gati palikuwa na ofisi ya chifu, na mbele ya ofisi mlingoti. Enzi za nyimbo za Jumamosi palipepea bendera ya kijani yenye mkono ulioshika mwenge. Upepo wa ziwa ulikuwa adui wa bendera hiyo. Kila baada ya muda mfupi ukingo wake ulichanika, ukabaki nyuzi, na chifu alilazimika kuagiza nyingine mjini, nayo ilichelewa. Mwishowe akamwita Mugisho. Mugisho akaishusha, akaipapasa, akatikisa kichwa kama daktari.

"Hii haina bitana," akasema.

Nilijua atasema hivyo. Chifu naye alijua.

Vita vilipoanza ng'ambo, tulivisikia kabla ya kuviona. Sauti ilitembea juu ya maji, nzito, kama mtu anayeburuta kabati chumba cha pili. Kisha mashua zikaja na wanajeshi wapya, wengi wao vijana wadogo waliovaa mabuti ya mvua. Hawakupigana na mtu kisiwani kwetu, maana polisi wa zamani walikuwa wameshavua sare na kuingia mashambani. Walitukusanya, wakasema tumekombolewa, wakataka bendera ya buluu yenye nyota. Wakasema pia ile ya kijani ichomwe.

Ziwa lilikuwa limefungwa, mashua za biashara haziendi, kitambaa hakipatikani. Mugisho alitafuta buluu kwenye nguo za shule na shuka za watu. Akaipata, lakini nyepesi. Ile ya kijani, aliyoishona kingo zake upya na kupewa aichome, alikuwa nayo nyumbani ameikunja.

Unaelewa kilichotokea. Buluu mbele, buluu nyuma, na kijani katikati.

Nilimwambia, "Bamesema uchome."

"Batu banachoma kitambaa?" akaniuliza, kwa mshangao wa kweli. "Nabintu, hii ni kitambaa muzuri."

Sikubishana sana. Kwanza, nilimpenda. Pili, ilikuwa kweli ni kitambaa kizuri. Bendera ilipanda, na upepo wa ziwa ukaipiga wiki baada ya wiki isichanike hata uzi. Wakubwa wa vijana wale wakaisifu. Walisema ina uzito, ina heshima, haipigi kelele kama bendera za vijiji vingine. Mugisho alipita chini yake akiwa ametulia, lakini akifika nyumbani alijitupa kitandani akacheka kwenye mto.

Kisha wakombozi waligombana wao kwa wao. Wakaja wengine kutoka mjini, wenye redio za kubebwa mgongoni na miwani ya jua, na wao walikuwa na rangi zao: nyekundu na nyeupe. Nyekundu tuliipata. Nyeupe ilitoka kwenye shuka la zahanati. Na ndani yake, kwa sababu ziwa lilikuwa bado limefungwa na upepo haukuwa umesikia habari za mabadiliko, ikaingia ile ya buluu pamoja na ile ya kijani iliyokuwa tumboni mwake. Sasa bendera ilikuwa nzito kama blanketi. Mtu mmoja peke yake aliivuta kwa shida.

Kisiwa kizima kilijua. Hilo ndilo jambo ninalolikumbuka kwa utamu hata leo, Mungu anisamehe. Watu walikuwa na njaa, kahawa ilioza kwa kukosa mnunuzi, vijana walikuwa wamejificha wasichukuliwe, lakini kila mtu aliyepita ofisini alitupia jicho ile bendera na kuuma mdomo. Tulikuwa na mzaha wetu, na mzaha ule ulikuwa juu ya mlingoti, na wanajeshi waliupigia saluti kila asubuhi.

Baadaye wapiganaji wa milimani walivuka, wakawafukuza wenye miwani kwa muda mfupi. Wao wakataka buluu irudi. Mugisho hakuwa na haja ya kushona upya. Alifumua pembeni, akaigeuza ndani nje kama koti, akaibana tena. Wenye miwani waliporudi na mashua nyingi zaidi, akaigeuza tena. Lakini safari hii alikuwa na haraka, risasi zilikuwa bado zinasikika upande wa pili wa kisiwa, na nilimwona akishona kwa mishono mirefu, jambo ambalo hakulifanya kamwe.

"Toa zile za ndani," nilimwambia. "Safari hii moja tu."

Alinitazama. Nilikuwa na mimba wakati huo, ilikuwa imeanza kuonekana.

"Nitazitoa kesho," akasema. "Leo banaitaka haraka."

Kesho yake komanda mpya alitukusanya mbele ya ofisi. Huyu hatukuwa tumewahi kumwona. Alikuwa kijana, sauti ya chini, buti zimepigwa rangi. Alianza kutuhutubia, mvua ikaanza.

Hakuna aliyethubutu kuondoka. Tulisimama, tukalowa.

Bendera nayo ikalowa.

Nilikuwa nimesimama na wanawake, karibu na ukuta. Niliona ile sehemu nyeupe, lile shuka la zahanati, ikibadilika taratibu. Ilikuwa inanata kwenye kilichokuwa ndani yake. Nyota ya kwanza ikatokea. Kisha nyingine.

Kisha mkono wenye mwenge.

Mtu nyuma yangu akavuta pumzi. Mwanajeshi mmoja akainua uso. Halafu mwingine.

Komanda akanyamaza katikati ya neno. Akageuka.

Waliishusha. Aliipasua kwa kisu mwenyewe, kuanzia pembeni, pale penye mishono mirefu. Akatoa ya buluu. Akaitia kisu nayo, akatoa ya kijani. Alikuwa anazitandaza matopeni moja baada ya nyingine, bila haraka, mpaka zikawa zimelala pale zote: watawala wetu wote wamelala pamoja kwenye tope moja.

"Nani alishona hii?"

"Ni miye, komanda," Mugisho akasema, akatoka mbele.

"Na hii ya mu ndani iko ya nani?"

"Ni bitana, komanda. Upepo ya ziwa inakula bendera. Njo maana nikaiweka bitana."

Komanda hakulijua neno lile. Niliona hakulijua. Alikuwa mtu wa mbali, na hata kwetu, kama nilivyosema, mafundi walisema dubliri. Akawatazama askari wake, nao hawakulijua.

"Bitana ni nani?" akauliza.

Mugisho akafungua mdomo kueleza. Lakini katekista alitangulia. Katekista wa lile shati, mtu mwema kabisa, aliyetaka kumwokoa rafiki yake kwa kuonyesha kwamba ni mtu wa kawaida anayejulikana na kila mtu.

"Bitana njo yeye, komanda," akasema. "Hapa batu bote banamujua kwa hiyo jina."

Mvua ilikuwa inanyesha.

Komanda akamtazama mume wangu kwa namna mpya. Tangu hapo hakumwita tena fundi. Aliuliza Bitana ana watu wangapi. Aliuliza wako wapi. Mugisho akasema, komanda, bitana ni kitambaa. Akarudia. Kila alivyorudia, neno lile lilizidi kuwa jina la mtu mwenye jeshi.

Wakamfunga mikono.

Nilikimbia hadi gatini. Wanawake walinishika, nikawaponyoka, lakini askari aliweka bunduki njiani, nikasimama. Mugisho alikuwa ameshaketishwa ndani ya mashua. Aliniona. Hakupiga kelele.

"Nabintu," akasema, "ile cherehani uifunike, mvua isiingie."

Nilirudi nyumbani nikaifunika.

Mashua ilirudi siku iliyofuata bila yeye. Wakasema amepelekwa mjini kuhojiwa. Nikaenda gatini kila mashua ilipofika, nikauliza, mpaka wenye mashua wakaanza kutazama upande mwingine waliponiona. Jirani mmoja alisema msiba wa kujitakia hauna kilio. Leo ningemjibu, na maneno yangu yasingefaa kuandikwa. Katekista alikuja kila Jumapili akakaa barazani, mikono juu ya magoti. Nilimpa chai. Nilijua kilichokuwa kinamla, na sikuwa na nguvu ya kumwondolea. Alikuwa bado analivaa lile shati.

Mimi mwenyewe nilimkasirikia Mugisho, na hasira hiyo ilinikalia muda mrefu kuliko majonzi. Kwa nini hakuzitoa? Kitambaa tu. Mtu anakufa kwa kitambaa? Nilikuwa nikimgombeza peke yangu jikoni kama yeye alivyomgombeza yule mbuzi.

Vile vipande vya bendera viliachwa matopeni. Askari walipoondoka, mama yangu mdogo alikiokota kile cha kijani akakiweka chini ya kikapu cha mihogo, akaniletea. Nilikifua. Kilikuwa bado kizima, na pembeni mishono ya Mugisho ilikuwa midogo na sawa, ya wakati ambapo hakuwa na haraka. Riziki, binti yetu, alipozaliwa, ndicho nilichomfungia. Wiki chache baadaye mabomu yalianza kuanguka kisiwani kwenyewe. Tuliondoka kwa mtumbwi, watu juu ya watu, mtoto kifuani. Cherehani ilibaki ndani ya nyumba, imefunikwa.

Sitasimulia njia yote. Uvira, kisha ziwa jingine, kisha Zambia, kisha miaka ya kufua nguo za watu Lusaka, kisha basi lililotushusha kituo cha Park, hapa Johannesburg, asubuhi ya baridi ambayo sikujua kwamba Afrika inaweza kuwa nayo. Tulianzia Joubert Park, chumba kimoja na familia nyingine, pazia katikati. Niliuza vitumbua, nikasuka nywele, nikafagia ngazi za ghorofa. Kushona sikutaka. Nilijua, kwa sababu nilikaa na fundi nikamtazama mikono, lakini sauti ya cherehani ilinifanya nigeuke kumtafuta.

Aliyenirudisha ni Mama Despina. Alikuwa na duka la kurekebisha nguo Bertrams, upande ule wa uwanja wa mpira, ambako siku ya mechi huwezi kusikia hata mawazo yako. Mwanamke mzee, mfupi, mweusi wa mavazi tangu shingoni hadi miguuni. Niliingia kutafuta kazi ya usafi. Akanipa suruali na sindano, akasema nimwonyeshe. Nikamwonyesha. Akaipindua suruali, akaukagua upindo kwa ndani, si kwa nje, na hapo nikajua kwamba tutaelewana.

Alitoka Kupro, kisiwa cha Bahari ya Kati, mbali sana na Kivu, na siku ya kwanza aliyoanza kunisimulia nilidhani ananidhihaki. Ilikuwa ni hadithi ya bibi yangu. Walikuja watu wa Venisi na merikebu, wakajenga kuta. Wakaja Waturuki, wakakaa hadi watu wakasahau kwamba walikuja. Wakaja Waingereza na chai na polisi. Bibi yake, alisema, aliongea na mtoza ushuru kwa Kituruki, na polisi kwa Kiingereza, na Mungu kwa Kigiriki, na hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyemsikiliza. Nilicheka nikaangusha mkasi. Sisi wa visiwani tuna ugonjwa mmoja. Dunia inaonekana imetusahau, kumbe kila anayepita lazima ashuke.

Kisha vita vikakigawa kisiwa chake, upande huu hawa, upande ule wale. Mdogo wake wa kiume alitoka nyumbani kwenda kuangalia ng'ombe wa jirani, hakurudi. Mama yao alimwekea sahani mezani mpaka alipokufa yeye mwenyewe.

Nilipomweleza habari za Mugisho, Mama Despina hakusema pole. Alizima cherehani yake, akaenda kupika kahawa ile yao nzito yenye mchanga chini, akaniletea kikombe. Tukanywa. Nadhani ndiyo siku niliyopata ndugu katika mji huu.

Miaka ikapita, simu ikaja kutoka kwao. Walikuwa wamechimba mahali fulani, wakapima mifupa, wakapata jina la mdogo wake. Alisafiri. Aliporudi aliniambia walimpa sanduku dogo, dogo kuliko la mtoto, na padre akasoma yote yaliyotakiwa kusomwa.

"Sasa najua pa kuwasha mshumaa, mwanangu," akasema.

Nilimkumbatia. Nilifurahi kwa ajili yake, na nilimwonea wivu. Sikuwa nimewahi kujua kwamba mtu anaweza kumwonea mwenzake wivu wa mifupa. Kwetu matanga yana mwisho wake: watu wananyoa, wanakunywa, wanarudi makwao. Mimi matanga yangu hayajawahi kuanza, basi yataishaje?

Mama Despina amefariki. Duka aliniachia, na nimeliacha kama alivyolipenda, isipokuwa redio sasa inaimba nyimbo za kwetu. Mwaka jana mjukuu wangu Thandi, binti wa Riziki, alikuja dukani akitokea shule. Baba yake ni mtu wa Durban. Mtoto anaongea Kizulu na Kiingereza, na Kiswahili anakielewa kuliko anavyokisema. Alitaka bendera. Mwishoni mwa Septemba shule inaadhimisha Siku ya Urithi, kila mtoto anakuja na kitu cha kwao, na yeye alitaka cha kwa Gogo, ndivyo Wazulu wanavyomwita bibi, yaani mimi.

"Nitamnunulia ya plastiki kwenye kiduka cha spaza," nikasema.

"Eish, Mama," Riziki akasema. "Wewe fundi mzima, bendera ya plastiki?"

Sikuwa nimewahi kumweleza Riziki yote. Anajua kwamba baba yake alichukuliwa vitani. Hajui habari za bendera. Nilimwambia nitashona, nikabadilisha mazungumzo.

Nikaenda Mayfair kununua kitambaa. Huko nina muuzaji wangu, mzee wa Tanga, duka lake liko karibu na msikiti. Nilimwomba buluu ya mbingu, nyekundu kidogo, manjano kidogo, maana bendera ya kwetu imebadilika tena tangu nilipoondoka. Akanikatia. Akanigusisha ile buluu.

"Hii nyepesi, dada. Ya nini?"

"Bendera. Ya mtoto."

"Basi upepo utaila. Chukua na ya bitana."

Nilikaa chini. Hapakuwa na kiti, nilikaa kwenye jora la kitambaa. Tangu gatini, tangu mvua ile, hakuna kinywa kilicholitaja neno lile mbele yangu. Wakongomani wenzangu wanasema dubliri, wateja wanasema kwa Kiingereza. Na sasa mzee huyu alilitamka kama kitu cha kawaida kabisa, kama mtu anayesema maji au chumvi. Nililia. Yule mzee aliogopa, akamwita mkewe, wakaniletea maji.

"Pole, dada yangu. Nimekosea nini?"

"Hukukosea," nikamwambia. "Umelitamka vizuri tu."

Nilirudi nyumbani bila kununua ya bitana. Ninayo yangu. Ilikuwa kwenye mfuko chini ya kitanda, ya kijani, imeshavuka mipaka mingi kuliko pasipoti yoyote. Niliikunjua. Nilikaa nayo magotini muda mrefu. Nilijua kwamba nikiikata, kitu pekee nilichobakiwa nacho alichokigusa Mugisho kwa mikono yake kitakuwa kimekatwa. Nikajua pia angesema nini: kitambaa hakitupwi, kinahamishwa tu. Kwa hiyo sikuikata, niliikunja ikaenea. Buluu mbele, buluu nyuma, kijani katikati. Nilishona kwa mishono midogo, sikuwa na haraka.

Siku yenyewe watoto walizunguka uwanja wa shule wamevaa shanga, ngozi na vitenge. Thandi alishika mti wa bendera kwa mikono miwili. Sisi wazazi tulikuwa tumeketi kwenye viti vya plastiki. Wingu likaja upande wa Hillbrow, kama mawingu yanavyokuja hapa mchana mwanzoni mwa msimu wa mvua, ghafla, bila kuomba ruhusa.

Mvua ikashuka.

Watoto wakapiga makelele ya furaha. Walimu wakawakimbiza kwenye veranda. Thandi alibaki.

Nilisimama. Sikuweza kutembea.

Buluu ilikuwa inanata. Nikaona mwenge.

"Gogo!" mtoto akapiga kelele kwa Kiingereza chake. "Gogo, kuna nyingine ndani!"

Mwalimu wake akatoka chini ya mwavuli, akaitazama bendera, akanitafuta kwa macho. Akauliza nani ameshona hii. Nilisema ni mimi. Na hii ya ndani, akauliza, ni nini? Neno la Kiingereza la kitu hicho ninalijua, nalitumia kila siku. Halikuja.

"Ni bitana," nikasema.

Yule mwalimu akatabasamu, akasema ni nzuri sana, akampapasa Thandi kichwani, akarudi kwa watoto wengine. Basi. Hakuna kisu kilichotoka. Nikawaza kwamba ingeweza kuwa rahisi namna hii siku ile pia. Mtu angeuliza, angejibiwa, angeelewa, na sasa Mugisho angekuwa mzee mwenye miwani, anawagombeza mbuzi. Alichukuliwa kwa sababu ya neno moja ambalo mtu mmoja hakulijua. Nimelipima jambo hilo kwa miaka yote hii, nikitafuta maana yake, na sijaiona. Hasira yangu kwa Mugisho imekwisha. Kilichobaki ni yeye.

Thandi alinijia mbio, ameloa, bendera imemlalia begani kwa uzito. Alikuwa amelisikia lile neno, na alitaka kulijua, akajaribu kuuliza kwa Kiswahili ili anifurahishe. Kiswahili chake, kama nilivyosema, ni cha kubahatisha.

"Gogo," akasema, "bitana ni nani?"

Riziki alikuwa nyuma yake na mwavuli. Akacheka, akataka kumsahihisha. Nilimwekea mkono asimsahihishe.

"Bitana ni babu yako," nikamwambia.